Fleti ya Miaka 99 Uingereza: Kununua, Kuuza na Kuongeza Miaka

Tangu katikati ya 2024 kuna habari inayorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa Afrika Mashariki walioko Uingereza: eti fleti zote zimeongezewa miaka 990 na mwenye ardhi hana chake tena. Wapo walioshangilia. Wapo waliosimamisha mpango wa kuongeza miaka wakisubiri hiyo ya bure. Na wapo, nadhani ndio wengi, wanaojiuliza hiyo miaka ni ya nini hasa, maana wao walijua wamenunua nyumba na mambo yakaisha.

Habari yenyewe ni kweli nusu. Sheria ipo, na ilipata idhini ya Mfalme tarehe 24 Mei 2024. Ila yale mambo matamu yanayosambazwa, miaka 990 ikiwa mojawapo, ninapoandika haya bado hayajaanza kutumika. Ili kujua kama inakufaa kusubiri au la, inabidi kwanza ujue ulichonunua.

Mtu akinunua nyumba ya chini England au Wales, yenye mlango wake na bustani yake, kwa kawaida anapata jengo na ardhi, bila mwisho. Hati itasema freehold. Akinunua fleti, karibu kila mara hati itasema leasehold, na hapo hajanunua ardhi, wala paa, wala kuta za nje. Amenunua haki ya kukaa ndani ya vyumba vile kwa idadi ya miaka iliyoandikwa. Ardhi na jengo vina mwenyewe. Huyo nitamwita mwenye ardhi, na aliyenunua fleti nitamwita mwenye fleti. Karatasi inayowafunga wote wawili ni mkataba wa upangaji wa miaka mingi, ambao nitauita mkataba tu. Makazi ya namna hii yanakaribia milioni 5 England na Wales. Uskoti haimo: fleti ya Glasgow au Edinburgh unaimiliki moja kwa moja, kwa hiyo ushauri wa binamu yako aliyenunua huko usiuchukue ukautumia Luton.

Mtu wa Mombasa atalielewa jambo hili upesi kuliko Waingereza wengi. Katika mtaa wa Majengo na mitaa mingine ya mji ule kuna utaratibu wa siku nyingi wa nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha fulani, nyumba ni yako, na kodi ya kiwanja unampelekea mwenyewe. Nyumba unaweza kuiuza, kuirithisha watoto, kupangisha vyumba, lakini ardhi huigusi. Fleti ya England imesimama juu ya wazo hilo hilo. Tofauti ni mbili. Wewe hukujenga, umenunua kipande cha ghorofa ya tatu. Na mkataba wako una tarehe ya mwisho.

Hati za miaka 99 nazo si ngeni kwetu. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini kwa hati hizo za Tanzania anayekupa miaka ni serikali. England anaweza kuwa kampuni ya uwekezaji usiyowahi kuisikia, halmashauri ya mji, au familia ya kitajiri. Sehemu kubwa ya Mayfair na Belgravia mjini London iko chini ya Grosvenor, mali ya familia ya Duke wa Westminster, na huko Chelsea jina kubwa ni Cadogan. Hawa hawaongezi miaka kwa huruma. Kwao miaka ni bidhaa.

Hapa ndipo pa kuondoa dhana ya kwanza, ile ya "nimemaliza mkopo wa benki, sasa fleti ni yangu kabisa." Mkopo ulikuwa kati yako na benki. Kuumaliza hakumwondoi mwenye ardhi, na masharti ya mkataba yanabaki vile vile. Mengine yatamshangaza mtu aliyekulia kwetu. Ni kawaida kukuta kifungu kinachokataza kuanika nguo barazani au dirishani, kinacholazimisha sakafu zote ziwe na zulia ili wa chini wasisikie nyayo, kinachokataza kufuga hata paka bila ruhusa, na kinachotaka idhini ya maandishi kabla ya kubomoa ukuta wa jiko au kupangisha. Wanunuzi wengi husaini wakiwa hawajafika ukurasa huo.

Na mkataba una meno. Ukivunja masharti, mwenye ardhi anaweza kuiomba mahakama ivunje mkataba wote, ukabaki huna fleti. Kwa deni la kodi ya ardhi peke yake, yaani malipo ya mwaka anayodai mwenye ardhi, sheria inamzuia mpaka deni lizidi pauni 350 au likae zaidi ya miaka 3 bila kulipwa. Mahakama hutoa nafasi ya kujirekebisha, na ni nadra watu kufika mwisho huo. Lakini pauni 350 ni kiasi kidogo mno kwa fleti ya pauni laki tatu, na barua za mwenye ardhi si za kutupwa kwenye droo.

Kuna malipo ya aina mbili yanayochanganywa kila siku.

Ya kwanza ni ada ya huduma. Hii ni gharama halisi ya kuliendesha jengo: bima, taa za ngazi, lifti, kufagia, kuziba paa. Inagawanywa kwa wenye fleti wote na hupanda na kushuka kila mwaka, zaidi hupanda. Sheria ya 1985 inataka iwe ya haki kwa kazi iliyofanyika. Kama kazi moja ya ukarabati itamgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 250, lazima wenye fleti washauriwe kwanza kwa maandishi. Mwenye ardhi asiposhauri, hawezi kudai zaidi ya hizo 250, isipokuwa baraza la kisheria la migogoro ya nyumba limruhusu. Barua ya ushauri huo ni kavu na ndefu, na watu huiona takataka. Isome. Ndiyo nafasi yako ya kuuliza kwa nini paa jipya linatajwa kwa bei ya nyumba.

Ya pili ni kodi ya ardhi. Kwa hii hupati chochote. Ni malipo ya mwaka kwa sababu tu ardhi ni ya mwingine. Mikataba ya zamani ilitaja pauni 50 au 100, hakuna aliyelalamika. Kisha zikaja fleti na hata nyumba za chini zilizouzwa na kifungu cha kodi inayojiongeza maradufu kila baada ya miaka 10. Piga hesabu mwenyewe: inaanza pauni 250, baada ya miaka 10 ni 500, baada ya 20 ni 1,000, na ikifika miaka 50 ni 8,000 kwa mwaka. Benki zikaanza kukataa kukopesha juu ya fleti hizo, na mwenye fleti akabaki na mali isiyouzika. Mwaka 2017 kampuni kubwa ya ujenzi, Taylor Wimpey, ilitenga pauni milioni 130 za kurekebisha mikataba ya namna hiyo iliyokuwa imeuza. Tangu 30 Juni 2022 mkataba mpya wa miaka mingi hauruhusiwi kuwa na kodi ya ardhi. Iliyosainiwa kabla ya hapo inabaki na kodi yake, na fleti nyingi zilizo sokoni ni hizo za zamani.

Sasa tuje kwenye miaka, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Dalali akisema "fleti ya miaka 99," usimwulize kingine kabla hujauliza: kuanzia lini? Kwenye daftari la ardhi utakuta mstari mfupi kama "miaka 99 kuanzia 24 Juni 1988." Saa haikuanza ulipohamia. Ilianza 1988, na mkataba unaisha Juni 2087. Anayenunua 2026 ananunua miaka 61. Dalali hakudanganya. Amekutajia urefu wa mkataba ulipozaliwa, na kwako kilicho muhimu ni uliobaki. Nakala ya daftari hilo inapatikana mtandaoni kwa pauni chache, na mtu yeyote anaweza kuiomba hata kabla hajaenda kuitazama fleti. Sielewi kwa nini watu hutumia nauli ya treni kwenda kupiga picha jiko kabla ya kusoma mstari ule mmoja.

Kwa miaka ya mwanzo upungufu hauonekani. Fleti yenye miaka 120 na yenye 110 zinauzwa karibu bei moja. Ikishuka kuelekea 80 mambo yanabadilika, kwa sababu mbili zinazosukumana. Benki nyingi hazipendi mkataba mfupi. Kila moja ina kipimo chake, lakini ukishuka chini ya 70 utakuta milango mingi imefungwa. Benki zikikataa, wanunuzi wanaobaki ni wenye fedha taslimu, na hao huja na bei yao.

Sababu ya pili ni ya kisheria, nayo ndiyo inayoufanya mstari wa 80 uogopwe. Mwenye fleti ana haki, chini ya sheria ya 1993, ya kumlazimisha mwenye ardhi amwongezee miaka 90 juu ya ile iliyobaki na kuifuta kodi ya ardhi, kwa malipo. Malipo hayo yanamfidia mwenye ardhi kwa vitu viwili: kodi ambayo hataipokea tena, na kusubiri miaka 90 zaidi kabla fleti haijarudi kwake. Lakini kama miaka iliyobaki haizidi 80, kinaingia kitu cha tatu ambacho Waingereza wanakiita thamani ya ndoa. Ni ile faida inayozaliwa pale haki ya mwenye fleti na sehemu ya haki ya mwenye ardhi zinapounganishwa kuwa mkataba mmoja mrefu. Sheria inasema faida hiyo igawanywe nusu kwa nusu. Kwa maneno mengine, kupanda kwa bei ya fleti yako mwenyewe unamlipa mwenye ardhi nusu yake.

Tuseme mama mmoja ana fleti ambayo, ingekuwa na mkataba mrefu, ingeuzwa pauni 300,000. Kodi yake ya ardhi ni pauni 200. Kama imebaki miaka 82, malipo ya kuongeza miaka yanaweza kuwa kama 9,000. Aache miaka 10 ipite, afike 72, bei za nyumba zikiwa zile zile. Fidia ya kawaida ya mwenye ardhi imepanda mpaka kama 12,000. Na kwa mkataba huo mfupi fleti sasa ina thamani ya, tuseme, 265,000. Jumlisha 265,000 na 12,000, ni 277,000. Toa kwenye 300,000, inabaki 23,000: hiyo ndiyo thamani ya ndoa. Nusu yake ni 11,500. Jumla anadaiwa 23,500. Tarakimu hizi ni za mfano, na mthamini atakuja na zake, lakini umbo la hesabu ni hilo. Kila aliyevuka 80 kwa kutojua amelipia kutojua huko.

Hofu ya upande wa pili, kwamba miaka ikiisha unatupwa nje siku hiyo hiyo na masufuria yako, imezidishwa. Kwa kawaida mwenye fleti anayeishi humo anaruhusiwa kubaki kama mpangaji anayelipa kodi ya soko. Hatupwi, ila ameacha kuwa mwenye mali, na watoto hawana cha kurithi. Watu wachache hufika huko, kwa sababu mkataba huacha kuuzika miaka mingi kabla haujaisha.

Kuongeza miaka kuna njia mbili, na ile inayoonekana rahisi ndiyo yenye miiba.

Njia ya mapatano ni kumwandikia mwenye ardhi na kuuliza bei. Atajibu kwa barua nzuri: kwa pauni kadhaa atairudisha fleti kwenye miaka 125. Kabla ya kufurahi, angalia mambo matatu. Amekuongezea mingapi kweli? Kurudi 125 kutoka 85 ni kuongeza 40, wakati sheria inakupa 90. Kodi ya ardhi inabaki? Katika mapatano anaweza kuendelea kukutoza kodi ile ya zamani mpaka muda wa mkataba wa zamani ukome, wakati kwa njia ya sheria inafutwa mara moja. Na je, ameingiza masharti mapya? Halafu ujue kwamba hakuna kinachombana. Anaweza kukaa kimya miezi sita, anaweza kupandisha bei siku ya kusaini, na wakati huo wote saa inatembea.

Njia ya sheria huanza na mthamini, si wakili. Tafuta mthamini aliyezoea kazi hii hasa katika mji wako, akupe bei anayotegemea na bei ya kuanzia. Kisha wakili anaandaa notisi yenye kiasi unachojitolea kulipa na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, isiyopungua miezi miwili. Siku notisi inapokabidhiwa ndiyo siku ya kuhesabia: miaka iliyobaki na thamani ya fleti vinapimwa kwa tarehe hiyo, hata mkichukua mwaka mzima kubishana. Mwenye fleti aliyebakiza miaka 80 na wiki tatu, akitoa notisi sahihi leo, thamani ya ndoa haimhusu.

Mwenye ardhi anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya kiasi ulichotaja. Pia atatuma mthamini wake, ambaye kwa sheria inayotumika sasa gharama yake na ya wakili wake, zikiwa za haki, unazilipa wewe. Jibu lake likija kwa kawaida litakubali haki yako na kukataa bei yako, na hapo wathamini wawili hukaa wakavutana. Msipokubaliana ndani ya miezi miwili, mlango wa baraza la migogoro ya nyumba unafunguka, na maombi lazima yafike ndani ya miezi 6 tangu jibu lile. Tarehe hii imewaumiza wengi. Ikipita, notisi yako inahesabiwa kuwa umeiondoa, na huwezi kutoa nyingine mpaka miezi 12 iishe. Mwenye ardhi naye akizembea asijibu kwa wakati, anaweza kulazimika kukubali bei yako uliyoandika, mradi uende mahakamani ndani ya muda na notisi iwe haina kasoro. Ndiyo maana notisi ya kunakili mtandaoni ni hatari. Jina la kampuni likikosewa, kazi yote inaanza upya.

Zamani ilibidi uwe umemiliki fleti miaka 2 ndipo upate haki hii. Sharti hilo lilifutwa 31 Januari 2025, na hili limeshaanza kutumika. Lakini kuna kijitundu. Anayetoa notisi ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la ardhi, na baada ya kununua usajili unaweza kuchukua miezi. Ukinunua fleti yenye miaka 80 na miezi minne, unaweza kusajiliwa ukiwa umeshavuka. Katika hali hiyo mwambie wakili wako amtake muuzaji atoe notisi kabla ya siku ya mauzo, kisha haki ya notisi ihamishiwe kwako pamoja na fleti. Ni karatasi moja ya ziada, na inaweza kuokoa maelfu.

Kwa mnunuzi, ukiacha miaka na kodi ya ardhi, kazi kubwa ni kulijua jengo. Omba hesabu za ada ya huduma za miaka 3 iliyopita uone mwelekeo wake. Uliza kama kuna akiba ya ukarabati mkubwa, na kama kuna barua ya ushauri imeshatumwa. Paa likiamuliwa mwezi huu, bili itakukuta wewe. Uliza nani analisimamia jengo, kisha zungumza na jirani ngazini. Jirani ana habari ambazo hazimo kwenye fomu yoyote.

Halafu kuna moto. Usiku wa 14 Juni 2017 jengo la Grenfell magharibi mwa London liliungua na watu 72 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha jinsi vifuniko vya kuta za nje vilivyoueneza moto. Tangu hapo benki nyingi zikikutana na jengo refu huomba fomu inayoeleza hali ya kuta hizo kabla ya kukopesha. Sheria ya 2022 ya usalama wa majengo inawalinda wenye fleti wengi wasilipie kuondoa vifuniko hatari katika majengo yenye urefu wa angalau mita 11 au ghorofa 5. Ulinzi huo unategemea fleti hiyo ilikuwa na nani na katika hali gani tarehe 14 Februari 2022. Mwenye fleti aliyekuwa akiishi humo siku hiyo analindwa; aliyekuwa na nyumba nyingi za kupangisha huenda asilindwe kikamilifu, na hali hiyo inarithiwa na anayenunua kwake. Kwa hiyo wakili aombe cheti cha muuzaji kinachothibitisha jambo hili.

Muuzaji naye asisubiri mnunuzi apatikane ndipo aanze. Wakili wa mnunuzi atataka kifurushi cha taarifa kutoka kwa mwenye ardhi au wakala anayesimamia jengo: hesabu, bima, madeni, mipango ya ukarabati. Muuzaji ndiye anayekilipia, mara nyingi mamia ya pauni, na kinaweza kuchukua wiki kadhaa. Mauzo mengi ya fleti yanakufa hapo, mnunuzi amechoka kusubiri. Kiagize mapema, ila si mapema mno, kwa sababu taarifa zikichakaa utaagizwa nyingine. Lipa madeni yote. Kama uliondoa ukuta au ukabadilisha zulia kwa mbao bila idhini, tafuta idhini sasa, kwa sababu swali hilo litaulizwa. Na kama miaka imepungua, amua mojawapo: ongeza kabla ya kuuza, au toa notisi na uuze pamoja nayo, au punguza bei ukijua kiasi gani. Kuliacha lijitokeze katikati ya mauzo ni kumpa mnunuzi fimbo.

Mtu akikwambia fleti yake "ina hisa ya ardhi," maana yake wenye fleti wa jengo lile walijiunga wakainunua haki ya mwenye ardhi, kwa kawaida kupitia kampuni yao wenyewe. Sheria inaruhusu hivyo kama angalau nusu ya fleti zinashiriki. Ni hali nzuri, kodi ya ardhi kwa kawaida inakufa na miaka inaongezwa kwa gharama ya karatasi tu. Lakini mkataba bado upo na miaka yake inapungua, mpaka mkae mkaiongeze. Wapo wenye hisa ambao mkataba wao una miaka 58 na hawajui. Wasioweza kununua wanaweza kuchukua usimamizi peke yake, bila kumlipa mwenye ardhi bei yoyote na bila kuthibitisha kosa lake. Kwangu hiyo ndiyo haki isiyotumika vya kutosha, pengine kwa sababu inadai kuongea na majirani.

Turudi kwenye ile 990. Sheria ya 2024 inakusudia kubadili nyongeza ya miaka 90 iwe mkataba wa miaka 990, kuifuta thamani ya ndoa, na kuweka kikomo kwa kodi ya ardhi inayoingizwa kwenye hesabu. Kundi la wenye ardhi wakubwa lilikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba wananyang'anywa mali yao, na Oktoba 2025 likashindwa. Lakini vifungu hivyo vinahitaji kanuni za utekelezaji, pamoja na viwango vya riba vitakavyotumika kupiga hesabu, na serikali ndiyo itakayovitangaza. Viwango hivyo vina uzito kuliko watu wanavyodhani: vikiwekwa chini, malipo yanapanda, na baadhi ya kilichookolewa kwa kufutwa thamani ya ndoa kinaweza kurudi kupitia dirishani.

Kwa hiyo jibu la kusubiri linategemea umesimama wapi. Mwenye miaka 95 anaweza kusubiri bila wasiwasi. Mwenye 81 au 82 asicheze, kwa sababu akivuka mstari kabla sheria haijaanza, atalipa kwa sheria ya zamani akilazimika kuuza. Aliye na miaka 70, hana mpango wa kuuza wala kubadilisha mkopo, na anaishi humo kwa raha, ana sababu ya kungoja, akijua kwamba kila mwaka anaongeza bili endapo mabadiliko yatachelewa. Na yule anayetaka kuuza mwaka huu akarudi Tanga kujenga, kwake sheria isiyoanza haipo: amwite mthamini, atoe notisi, kisha ndipo ampigie dalali.